Kitenzi *cherish* cha Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Neno hili hukutwa kwenye kadi za harusi, hotuba za kuagana, salamu za rambirambi na ujumbe wa wapendanao. Wengi hulielewa nusu: wanajua kwamba linahusu kupenda, lakini ule upande wake wa kutunza unawaponyoka. Makosa mengi yaliyojibiwa hapa yanatokana na hilo. Maswali yamepewa nambari, na pale jibu moja linapotegemea jingine tumetaja nambari yake.

## Maana, matamshi na asili

1. *Cherish* maana yake nini hasa?

Ni kumpenda mtu au kukithamini kitu kiasi cha kukitunza ili kisipotee. Kuna hisia na kuna tendo, na vyote viwili vimo ndani ya neno moja. Anayesema *I cherish my grandmother's letters* hasemi tu kwamba barua za bibi yake zinamfurahisha. Anasema pia kwamba amezihifadhi, hazichezei, na zikipotea ataumia.

Kamusi za Kiingereza kwa kawaida huonyesha matumizi matatu. La kwanza ni kumpenda mtu na kumtunza kwa upole: *They cherished their adopted son*. La pili ni kuthamini kitu, haki au desturi na kutokubali kukipoteza: *People cherish their freedom*. La tatu ni kuweka jambo moyoni kwa muda mrefu, liwe tumaini, ndoto au kumbukumbu: *He cherished the hope of going home*. Hili la tatu ndilo huwasumbua wanafunzi, kwa sababu hapo hakuna mtu wala kitu cha kushikika; kinachotunzwa ni wazo.

Kuna kipimo kinachosaidia kwa yote matatu. Jiulize: je, jambo hili linaweza kupotea, kufifia au kuharibika, nami sitaki litokee? Jibu likiwa ndiyo, *cherish* huenda likafaa. Likiwa hapana, tafuta kitenzi kingine.

2. Linatamkwaje?

Lina silabi mbili, che-rish, na mkazo uko kwenye ya kwanza. *Che* iko karibu sana na ile ya *cheka*. *Sh* ni ya *shamba*, ila haifuatwi na irabu.

Hapo mwishoni ndipo tunapoteleza. Mzungumzaji wa Kiswahili amezoea neno liishie kwa irabu, hivyo hutamka "cherishi". Kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, unahama na kuangukia *ri*: che-RI-shi. Msikilizaji wa Kiingereza atababaishwa na mkazo huo kuliko na ile irabu yenyewe. Ukiona ni vigumu kuikata irabu, hakikisha angalau nguvu ya sauti inabaki kwenye *che*.

*Cherished* haiongezi silabi. Ile *-ed* inasikika kama *t*: che-risht. *Cherishes* huongeza silabi moja, che-ri-shiz, na *cherishing* vilevile. Katika maumbo yote mkazo haubanduki kwenye *che*.

3. Linaandikwaje, na makosa ya kawaida ni yapi?

C-h-e-r-i-s-h, yenye *r* moja. Wanaoandika *cherrish* huvutwa na *cherry*, ambalo ni tunda na halina undugu wowote na neno hili. *Charish* na *cherich* pia hutokea.

Kosa la hatari ni *perish*, ambalo maana yake ni kuangamia. Maneno haya yanatofautiana mwanzoni tu, na kwa sababu yote mawili ni maneno halali, programu ya kukagua tahajia haitakuonya. Kadi inayosema *memories we will perish* imeshaharibika. Kagua kwa macho yako kabla ya kuchapisha.

4. Neno limetoka wapi?

Limetoka kwenye Kifaransa cha zamani, kitenzi *cherir*, kilichojengwa juu ya *cher*, yaani mpendwa au ghali. *Cher* nayo ni mtoto wa *carus* la Kilatini, lenye maana hizohizo mbili. Liliingia Kiingereza katika karne ya 14.

Kwamba neno moja libebe upendo na bei kwa pamoja si ajabu. *Dear* la Kiingereza linafanya hivyo, na *azizi* la Kiswahili hutumika kwa kitu cha thamani na kwa mtu mpendwa pia. Ukiikumbuka asili hii hutaisahau maana: *to cherish* ni kukifanya kitu kiwe azizi kwako.

Maneno *charity* na *caress* yanatoka kwenye shina hilohilo la Kilatini. Ama ile *-ish* ya mwisho, ni mabaki ya mnyambuliko wa Kifaransa, sawa na katika *finish*, *punish* na *nourish*. Haihusiani na *-ish* ya *childish* au *greenish*, hivyo usijaribu kuikata ukidhani utabaki na neno zima.

5. Nomino yake ni ipi?

Katika matumizi ya kila siku haina. *Cherishment* imo kwenye kamusi kubwa, lakini ni adimu kiasi kwamba wasomaji wengi wataiona kosa. Ukihitaji nomino, tumia *love*, *care* au *affection*, au isuke sentensi upya. Badala ya *my cherishment for you*, andika *how much I cherish you*.

Kivumishi kipo: *cherished*, kikieleza kile kinachothaminiwa. *A cherished friend*, *a cherished tradition*, *my most cherished possession*.

## Sarufi

6. Je, lazima kitenzi hiki kiwe na shamirisho?

Ndiyo. Ni kitenzi elekezi, na kile kinachothaminiwa hutajwa moja kwa moja bila kihusishi katikati. *I cherish about you*, *I cherish for our friendship* na *I cherish with these memories* zote si sahihi. Sahihi ni *I cherish you*, *I cherish our friendship*, *I cherish these memories*. Vilevile *We will always cherish* ikiachwa hivyo ni sentensi pungufu: msomaji anangoja kuambiwa ni nini.

Shamirisho linaweza kutangulia, kama katika *the memories we cherish*. Hapa Kiswahili kinatutega. Sisi husema "kumbukumbu tunazozienzi", na ile *-zi-* inayofuata *-zo-* inarudia kumbukumbu. Mtu anayetafsiri kiungo kwa kiungo huishia na *the memories we cherish them*. Kiingereza hakikubali marudio hayo. Ondoa *them*.

7. Naweza kusema *I am cherishing*?

Kwa kawaida, hapana. *Cherish* ni kitenzi cha hali, kama *know* na *own*. Kinaeleza jambo linalodumu, si tendo lililo katikati ya kutendeka. *Na-* ya Kiswahili katika "ninathamini" hubeba hali ya kudumu na tendo linaloendelea kwa pamoja, na ndiyo maana wengi huweka *am* na *-ing* bila kujua. Andika *I cherish*.

Lipo tumizi moja linalosikika na kukubalika katika mazungumzo: pale kipindi chenyewe ni kifupi na msemaji anakiona kikipita. *I'm cherishing every minute with the baby*. Kwenye mtihani au barua rasmi, kaa mbali nalo.

Nyakati zilizopita zinahitaji uangalifu zaidi. *I have cherished this ring for 20 years* ina maana kwamba bado unaithamini. *I cherished this ring* humfanya msomaji ajiulize kilichotokea: imepotea, au mapenzi yameisha? Kwa kumbukumbu ya marehemu tofauti hii ni nzito. Tazama swali la 19.

8. Je, *cherish* hufuatwa na *to* au *that*?

Hapana. *I cherish to work with you* na *I cherish that you helped me* si Kiingereza. Kitenzi hiki kinataka nomino, basi geuza wazo lako liwe nomino: *I cherish the time we worked together*, *I cherish the help you gave me*.

Kuna njia halali ya kufika kwenye *that*, nayo ni kupitia nomino *hope* au *belief*: *She cherished the hope that he would return*. *That* hiyo ni ya *hope*. *Cherish* yenyewe imeshapata shamirisho lake.

Kitenzi chenye *-ing*, kama katika *I cherish being a mother*, husikika na hakuna atakayekisahihisha kwa ukali. Hata hivyo *I love being a mother* hutiririka vizuri zaidi, na sisi tungechagua hiyo.

9. Naongezaje nguvu? *I very cherish you* ni sawa?

Si sawa. *Very* haikai mbele ya kitenzi. Tumia *deeply*, *truly*, *always* au *still*, na ukiweke kielezi kabla ya kitenzi: *I deeply cherish our friendship*, *I will always cherish this day*. Kukiweka kati ya kitenzi na shamirisho, kama *I will cherish always this day*, kunasikika kigeni.

Ukweli ni kwamba kitenzi hiki kina nguvu ya kutosha. *I cherish our friendship* haihitaji msaada, na vielezi viwili kwa mpigo, *truly deeply cherish*, huifanya sentensi ionekane ya kulazimisha.

Mbele ya nomino kuna *long-cherished*, yenye kistari, inayofaa kwa ndoto au mpango wa miaka mingi: *a long-cherished dream*.

10. Kauli ya kutendwa inafanya kazi?

Inafanya kazi vizuri. *He was cherished by all who knew him* ni sentensi ya kawaida katika wasifu wa marehemu. Kuna pia *to feel cherished*, ambayo inafaa kujulikana kwa sababu haina mbadala mwepesi: *She feels cherished* maana yake anaona kwamba anapendwa na kwamba kuna mtu anayemjali kwa vitendo. Kwa Kiswahili itabidi useme yote mawili, "anajiona anapendwa na kutunzwa". Ukisema "anapendwa" peke yake, nusu imeanguka njiani.

## Kutafsiri kwa Kiswahili

11. Kiswahili chake ni kipi: kuenzi, kuthamini, au kutunza?

Hakuna neno moja linaloshika kila mahali. Kiswahili kimegawa kazi ya *cherish* kati ya maneno kadhaa, na mfasiri huchagua kwa kuangalia shamirisho.

*Kuthamini* ndilo salama zaidi kwa vitu na mambo: urafiki, uhuru, muda, zawadi. Upungufu wake ni kwamba lina ubaridi kidogo. Mtu anaweza kuthamini mchango wa mwenzake kazini bila kumpenda hata chembe, jambo ambalo *cherish* hairuhusu. Kwa hiyo mara nyingi linahitaji nyongeza: "nauthamini sana urafiki wetu", "ni kitu cha thamani kubwa kwangu".

*Kuenzi* lina heshima na uzito, na ndilo lililo karibu zaidi na *cherish* pale panapohusika urithi, maadili, mila, kumbukumbu na watu waliotangulia mbele ya haki. "Tutaienzi kumbukumbu yake" ni tafsiri kamili ya *We will cherish her memory*. Lakini litumie kwa tahadhari kwa mtu aliye hai na wa karibu. Tumezoea kulisikia kuhusu waasisi wa taifa na mashujaa waliokufa, hivyo mke akiambiwa "ninakuenzi" anaweza kuhisi amewekwa kwenye kumbukumbu ya kitaifa angali hai.

*Kutunza* linabeba upande wa tendo. Linafaa kwa viapo vya ndoa na kwa malezi, na ndilo lililotumika katika Biblia (swali la 17). Peke yake linaweza kumaanisha kulisha na kuvisha tu, bila mapenzi. Likiungana na *kupenda*, pengo hilo huzibika.

*Kuweka moyoni* ni kwa kumbukumbu na maneno: "nitaiweka siku hii moyoni" kwa *I will cherish this day*. Tunalipenda kwa sababu lina joto ambalo *kuthamini* halina.

Kwa matumaini na ndoto, Kiswahili huacha kabisa wazo la thamani na kusema "kuwa na" au "kuishi na". *A long-cherished dream* ni "ndoto aliyoishi nayo kwa miaka mingi". Anayeandika "ndoto iliyothaminiwa kwa muda mrefu" ametafsiri maneno na kuiacha maana.

Kwa kivumishi *cherished* zipo nomino nzuri zinazosahaulika: *kipenzi*, *tunu*, *azizi*. *Their cherished daughter* ni "binti yao kipenzi". *A cherished heirloom* ni "tunu ya ukoo".

12. Je, *kudekeza* au *kubembeleza* si sawa na *cherish*?

Hapana. Kudekeza ni kumpa mtu kila anachotaka hadi aharibike, na Kiingereza kina *spoil* kwa hilo. Kubembeleza ni kutuliza au kushawishi kwa upole. Unaweza *cherish* mtoto na bado ukamkatalia.

13. Mpenzi wangu ameandika *I cherish you*. Ni zaidi ya *I love you*, au ni kuikwepa?

Si ngazi ya juu wala ya chini. Ni kauli ya pembe nyingine. *I love you* inataja hisia. *I cherish you* inataja thamani yako machoni pa msemaji na nia yake ya kutokupoteza. Wenyeji wa Kiingereza huisema kwa nadra zaidi, kwa hiyo ikitokea huwa imechaguliwa.

Haiwi ya kimapenzi kwa lazima. Mzazi humwandikia mwanawe, rafiki humwandikia rafiki. Ukitaka kujua uhusiano, soma muktadha. Kitenzi peke yake hakitakuambia. Kwa Kiswahili tungeielewa kama "wewe ni wa thamani sana kwangu" au, kwa lugha ya mapenzi, "wewe ni tunu yangu".

## Cherish na ndugu zake

14. Tofauti yake na *love*, *treasure*, *value*, *appreciate*, *adore* na *relish* ni ipi?

*Love* ni pana kupita yote. Unaweza *love* mtu, chakula, mchezo au rangi. *I cherish football* inashangaza, kwa sababu mpira si kitu ambacho msemaji anakihifadhi. Rudi kwenye kipimo cha swali la 1.

*Treasure* ndilo jirani wa karibu zaidi, na mara nyingi unaweza kubadilishana: *I treasure these photos*, *I cherish these photos*. *Treasure* ni nomino pia, hazina, hivyo lina harufu ya kitu kilichofungiwa mahali. *Cherish* lina harufu ya kulea. Kwa vitu na kumbukumbu yote mawili yanafaa. Kwa watu *cherish* ni joto zaidi. Kwa matumaini ni *cherish* tu: *treasure a hope* si maneno yaliyozoea kwenda pamoja.

*Value* ni *kuthamini* kwa akili. Linafaa kazini: *We value your opinion*. Ukiandika *We cherish your opinion* kwa mteja, atahisi unamtania.

*Appreciate* ni kutambua ubora wa kitu au kushukuru. *I appreciate your help* ni shukrani, na jambo linaweza kuishia hapo. *Cherish* haliishii hapo. Lina muda mrefu ndani yake.

*Adore* ni kupenda kwa msisimko, hata kuabudu. Mtu anaweza *adore* mwimbaji asiyewahi kukutana naye. *Relish* ni kufurahia ladha ya jambo sasa hivi: *He relished the challenge*. Linafanana na *cherish* kwa mwisho wake tu. Hata asili yao ni tofauti.

15. *Hold dear* ni sawa na *cherish*? Mpangilio wake ukoje?

Maana zinakaribiana sana, ila *hold dear* ni ya kifasihi zaidi na huegemea kwenye thamani kuliko kwenye kutunza. Huonekana zaidi na kanuni, imani na watu wa karibu.

Mpangilio wa kawaida huweka shamirisho katikati: *I hold these values dear*. Shamirisho likiwa refu, husukumwa mwisho: *I hold dear the values my parents taught me*. Umbo linalokutwa mara nyingi ni lile la *everything we hold dear*, "kila tunachokithamini". *Hold dearly* hutumiwa na baadhi ya watu, lakini umbo lililozoeleka ni *dear*, bila *-ly*.

## Ndoa na Biblia

16. *To love and to cherish* kwenye kiapo cha ndoa imetoka wapi?

Imetoka kwenye Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza, toleo la kwanza, la 1549, lililoandaliwa chini ya Askofu Mkuu Thomas Cranmer. Mume aliahidi *to love and to cherish*. Mke aliahidi *to love, cherish, and to obey*, yaani na kutii pia. Siku hizi wengi huacha neno hilo la kutii, na ahadi za wawili hulingana.

Maneno yanayofuata, *till death us do part*, ni ya toleo la 1662. Mwanzoni yalikuwa *till death us depart*, wakati *depart* ilipokuwa bado na maana ya kutenganisha. Maana hiyo ilipokufa, neno likagawanywa kuwa *do part*. Ndiyo sababu sentensi hiyo ina mpangilio wa ajabu ambao wanafunzi huuliza kama ni kosa. Si kosa, ni Kiingereza cha zamani.

Katika kiapo, *cherish* si marudio ya *love* kwa ajili ya mapambo. *Love* inaahidi moyo, *cherish* inaahidi matunzo, katika ugonjwa na katika afya kama maneno ya jirani yake yanavyosema. Tafsiri inayostahili ni "kukupenda na kukutunza". "Kukupenda na kukuthamini" si kosa, ila inarudi kwenye hisia na kuacha kazi.

17. Kwenye Biblia ya Kiingereza neno hili lina maana hiyohiyo?

Ni hiyo, lakini ikiwa na mwili zaidi. Katika tafsiri ya King James ya 1611, Waefeso 5:29 inasema mtu *nourisheth and cherisheth* mwili wake mwenyewe. Biblia ya Kiswahili ya Union ina "huulisha na kuutunza". Kitenzi cha Kigiriki kilicho nyuma yake, *thalpo*, maana yake ya msingi ni kupasha joto. Kitenzi hichohicho kimo katika 1 Wathesalonike 2:7, panapozungumzwa mlezi na watoto wake.

Katika 1 Wafalme 1, Mfalme Daudi amezeeka na hapati joto, naye Abishagi anatafutwa ili *cherish him*. Msomaji wa leo anayelichukua neno kama "kumpenda sana" ataisoma sura hiyo vibaya. Hapo ni kumhudumia mzee na kumtia joto.

*-eth* ya mwisho ni kiambishi cha zamani cha nafsi ya tatu umoja, mahali pa *-s* au *-es* ya leo.

## Hali za pembeni

18. Je, mtu anaweza *cherish* jambo baya?

Anaweza, kwa sababu ya yale matumizi ya tatu ya swali la 1. *To cherish a grudge* ni kuweka kinyongo, kukilea badala ya kukiacha kife. *To cherish illusions* ni kung'ang'ania dhana za uongo kwa kuwa zinapendeza, na katika kukanusha husemwa *I cherish no illusions about him*, sijidanganyi kumhusu. Kwa Kiingereza cha leo *nurse a grudge* na *hold a grudge* ni ya kawaida zaidi, lakini ukikuta *cherish* kwenye maandishi usidhani mwandishi amekosea. Wala usitafsiri kwa "kuthamini kinyongo". Sema "kuweka kinyongo" au "kufunga fundo moyoni".

19. Nitumieje kwenye rambirambi?

Kanuni muhimu ni wakati. Marehemu mwenyewe anaweza kutajwa kwa wakati uliopita: *She was cherished by her family*. Kumbukumbu yake haikupita, hivyo hutajwa kwa wakati uliopo au ujao: *We will always cherish her memory*. Ukiandika *We cherished her memory*, umesema mmeacha.

Tofautisha pia umoja na wingi. *Her memory* ni kumbukumbu yake kwa ujumla, jina na heshima yake. *Our memories of her* ni matukio mliyoshiriki naye. Usiseme *we will cherish her memories* ukimaanisha hayo, kwa sababu hapo kumbukumbu zinakuwa alizokuwa nazo yeye kichwani. Andika *We will cherish our memories of her*.

Kumwandikia mfiwa, hii inatosha: *May you cherish the years you had together*. Epuka amri tupu kama *Cherish the memories!* yenye alama ya mshangao. Inafaa kwenye albamu ya picha, si kwa mtu aliyetoka kuzika.

20. Linafaa kwenye barua ya kuomba kazi?

Mara chache sana. *I would cherish the opportunity to work for you* ina joto kupita kiasi kwa mtu usiyemjua, na nafasi usiyoipata bado huwezi kuitunza. *I would welcome the opportunity* ndiyo kauli ya kawaida. Ukiacha kazi, hali inabadilika: *I will always cherish my time here* ni nzuri katika barua ya kuaga, kwani hapo kuna kitu ulichopata na unakwenda nacho.

21. Nimeona *cherished number* kwenye tangazo la gari la Uingereza. Ni nini?

Ni namba ya usajili ya gari ambayo mmiliki ameichagua au kuinunua kwa kuwa ina herufi au tarakimu anazozipenda, labda zinazofanana na jina lake. Nchini Uingereza namba ya aina hiyo inaweza kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine, na uhamisho huo huitwa *cherished transfer*. Tangazo likisema *cherished number not included*, elewa kwamba muuzaji anabaki na namba yake, na gari utakalonunua litakuja na namba nyingine.